Matundu Kumi na Mawili

Dukani kwa Mbarouk, Chake, taa zimepangwa
kama vitumbua juu ya sinia:
za duara, za mraba, wati tatu, wati saba,
nami nimeshika karatasi ya fundi Shaame,
mwandiko wa penseli nene ya useremala:
spoti kumi na mbili, tundu inchi tatu.

"Nyeupe au ya njano?" Mbarouk aniuliza.
"Nyeupe ndiyo inayokwenda. Hata sindano utaiokota."
Sindano mimi siipotezi. Nasomesha hesabu,
nahesabu: kumi na mbili mara elfu tisa,
laki moja na elfu nane,
na jipsam lenyewe bado lina deni.
Nikachukua nyeupe.

Nilitaka taa isiyojionyesha.
Nyumba ya Machomane imepanda tofali kwa tofali,
mshahara kwa mshahara, miaka tisa;
nikasema angalau dari iwe safi,
pasining'inie waya, pasipate pa kukaa buibui,
mwanga ushuke tu, kama mgeni aliyesahau kupiga hodi
akakuta ameshatengewa chai.

Shaame akatoboa. Unga ukamjaa kope,
akazeeka kwa alasiri moja.
Safu mbili, sita kwa sita,
zimenyooka utadhani zimesubiri takbira.
Magharibi akawasha.
Juu ya vigae vipya vinavyong'aa
yakaanguka maduara kumi na mawili, makali,
na baina yao kiza.

Mama akatoka chumbani.
Bi Mize, jicho la kulia limeingia ukungu,
la kushoto liko kwenye foleni ya upasuaji.
Akasimama kizingitini.
Akashika kanga, akaipandisha hadi ugokoni,
akanyanyua mguu, akavuka.
Akanyanyua tena.

"Nani kamwaga maji?"

Hapana aliyejibu. Shaame akashuka ngazi
akijipangusa vumbi lisilokuwapo.
Nikamtazama mama akivuka sebule yangu
akitafuta pakavu.

Asubuhi nikarudi na boksi.
"Zimeungua?" akauliza Mbarouk.
"Hazijaungua. Zinarowesha."
Akaniangalia kama aniangaliavyo mwanafunzi
nikisema herufi inaweza kuwa nambari.

Nikaomba pana, yenye uso wa maziwa,
ya njano kidogo, rangi ya uji wa mtama uliotiwa tui.
Nikaiwasha palepale mezani, nikaweka kiganja chini yake,
nikatazama kivuli cha vidole.
Ile ya kwanza kivuli chake kilikata kama wembe.
Ya pili hivyo hivyo.
Ya tatu kivuli kikalegea kingoni,
hata sikujua kidole kinaishia wapi.
Nikasema, hii. Nipe sita.

"Sita tu?" Shaame akakuna kichwa.
"Tundu huongezwa, mwalimu. Halipunguzwi."
Sita akayapanua. Matano akayaziba.
La mwisho unga ukamwishia,
akasema atarudi Jumatatu;
Jumatatu ipi, hakusema.

Usiku ule mama akapita na kanga yake chini,
hakunyanyua kitu.
Akafika kwenye kochi, akainua uso.
"Taa zenyewe ziko wapi?"
"Ndani ya dari, mama."
"Mmezificha? Zina aibu gani?"
Akacheka peke yake.
Akasema yeye, bibi harusi wa siku tatu,
alikabidhiwa chemni ya nyumba nzima aifute kwa jivu,
na taa ilikaa mezani, katikati ya watu,
ikila mafuta mbele ya macho yao.

Lile tundu liko mpaka leo, juu ya kochi.
Mjusi kafiri hutoa kichwa,
hutazama televisheni, hurudi.

Na vizio vya Tukuza vikituishia usiku wa manane,
sisi wenye macho twapapasa kuta,
yeye ndiye atushikaye mkono:
hatua kumi na moja hadi jikoni, kata kushoto.
Kandili anayo.
Kaiweka wapi, hatuambii.